Kabla ya "kumbe": kufundisha ufahamu kwa kitabu cha picha

Mpe mtoto wa darasa la pili sentensi hii: "Bibi ameanika kanga kwenye kamba." Ataisoma. Kiswahili kinamhurumia msomaji anayeanza: a ni a popote utakapoikuta, na mtoto aliyepitishwa vizuri kwenye ba be bi bo bu anaweza kutamka sentensi ambayo hajawahi kuiona maishani mwake. Sasa mpe penseli, mwambie achore alichosoma. Wengi watachora nguo. Lakini wapo watakaochora ndege mwenye madoadoa, ambaye naye huitwa kanga, amening'inia kwenye kamba, na picha hiyo haitawasumbua hata kidogo. Kwao kazi ya kusoma ilikwisha pale sauti ya mwisho ilipotoka mdomoni bila kukosea.

Watafiti Philip Gough na William Tunmer waliliweka jambo hili kwenye hesabu fupi mwaka 1986: kusoma kwa kuelewa ni uwezo wa kutambua maneno yaliyoandikwa, mara uwezo wa kuelewa lugha inayosikika. Mara, si jumlisha. Ukiwa na mia upande mmoja na sifuri upande wa pili, jibu ni sifuri. Kwenye lugha yenye tahajia ngumu kama Kiingereza, mtoto huhangaika muda mrefu na upande wa kwanza. Kwetu upande huo hukaa sawa mapema, na ndiyo maana udhaifu wa upande wa pili unafichika. Mtoto anasoma kwa sauti, mzazi anafurahi, mwalimu anaweka alama ya vema, na pengo linakuja kujitokeza darasa la nne au la tano, mtoto anapokutana na swali la hesabu la maneno, au aya ya sayansi ambayo anaitamka yote na haimwambii kitu.

Upande wa pili hauhitaji kusubiri herufi. Unafundishika tangu darasa la awali, kwa kusikiliza, na chombo chake kizuri kuliko vyote ni kitabu cha picha anachokisoma mwalimu kwa sauti mbele ya watoto. Mtoto ameondolewa mzigo wa kuunganisha silabi, kwa hiyo akili yake yote iko huru kufuatilia nani kafanya nini na kwa sababu gani. Tangu mtaala wa mwaka 2015, madarasa mawili ya mwanzo ya shule ya msingi Tanzania yamejengwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Katika kipindi cha dakika 30 ni rahisi sana K ya kwanza ikaliwa yote na kutamka. Kusoma hadithi kunaachiwa Ijumaa mchana, kama burudani ya kumalizia wiki. Mahali pake ni asubuhi, watoto wakiwa bado na nguvu.

Tatizo la pili ni kwamba mara nyingi tunapima ufahamu tukidhani tunaufundisha. Mtafiti Dolores Durkin alikaa kwenye madarasa ya shule za msingi Marekani, akachapisha alichokiona mwaka 1978 na 1979: chini ya asilimia 1 ya muda wa masomo ya kusoma ndiyo ilitumika kuwaonyesha watoto namna ya kuelewa. Maswali na majibu, yaani mwalimu akikagua kama wameelewa, yalichukua muda mwingi kuliko huo. Ni mbali na kwetu, lakini mwalimu yeyote wa madarasa ya chini atajitambua hapo. Soma habari, jibu maswali matano, sahihisha. Aliyeelewa anapata tano, asiyeelewa anapata moja, na hakuna aliyemwonyesha huyu wa pili mwenzake amefanyaje.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue hadithi fupi ya kurasa 12 iliyotungwa kwa ajili ya makala haya. Bibi anafua kanga yake nyekundu na kuianika nyuma ya nyumba. Mjukuu wake Neema anatoka nje, kamba iko tupu. Hamisi, mtoto wa jirani, amesimama karibu na kamba. Neema anamuuliza, "Umeipeleka wapi?" Hamisi haongei, anainama, anaondoka. Ukurasa wa tisa unaanza na neno "Kumbe": mbuzi yuko nyuma ya banda, na pindo jekundu linaning'inia mdomoni mwake. Kurasa za mwisho, Neema anachuma maembe mawili na kwenda kwa kina Hamisi. "Lililoiva zaidi alimpa yeye." Mwisho.

Angalia hadithi hii ina nini ndani yake, kwa sababu hivyo ndivyo vitu vya kutafuta kwenye kitabu chochote. Kwanza, picha inajua jambo ambalo maneno hayajalisema: kwenye ukurasa wa pili, pembe mbili za mbuzi zinachungulia nyuma ya mwembe, na maandishi hayamtaji mbuzi. Kitabu ambacho picha inarudia tu maneno (maneno yanasema mpira mwekundu, picha ni mpira mwekundu) kinafaa kufundishia msamiati, lakini hakimpi mtoto cha kufikiri. Pili, mhusika anafanya jambo bila mwandishi kutaja sababu. Hakuna palipoandikwa kwamba Hamisi aliumia, wala kwamba Neema aliomba radhi. Tatu, kuna tatizo moja tu, na linaonekana kufikia ukurasa wa nne au wa tano. Kwa darasa la kwanza na la pili, kurasa 12 hadi 24, zenye sentensi moja hadi nne kila ukurasa, zinatosha. Zikizidi hapo, utakuwa unasoma huku unatazama saa.

Mwalimu anayefungua kitabu kwa mara ya kwanza mbele ya darasa tayari amechelewa. Kisome kimya mara moja kama msomaji. Kisome tena kwa sauti, peke yako, ujue pumzi inakatika wapi na sauti ya nani ni nzito. Mara ya tatu, kaa na vikaratasi vidogo na ubandike sehemu tatu au nne tu za kusimama. Kwenye kila kikaratasi andika swali lako kwa ukamilifu, neno kwa neno, maana swali linalotungwa papo hapo mbele ya watoto themanini karibu kila mara huwa la "nani" au "wapi". Kwenye hadithi yetu tungesimama ukurasa wa pili, baada ya Hamisi kuondoka, kabla tu ya kufungua ukurasa wa tisa, na kwenye lile embe. Vituo tisa kwenye kurasa 12 vinaua hadithi. Mtoto anapoteza uzi, na wewe unabaki na maswali yasiyo na kitu cha kuyabeba.

Mpangilio wa watoto una uzito kuliko unavyodhaniwa. Kitabu cha ukubwa wa A4 kikifunguliwa, mchoro wake unaonekana vizuri kufikia kama mita tatu. Mtoto wa mstari wa tano nyuma anaona mikono ya mwalimu na rangi. Kwa hiyo wasogeze watoto mbele, kwenye mkeka, wafupi mbele na warefu nyuma, wewe ukiwa umekaa kwenye kiti cha chini. Kishike kitabu kwa mkono mmoja, kiganja chini ya mgongo wa kitabu, kikiwa pembeni ya uso wako, usawa wa macho yao na si wa macho yako. Kigeuze polepole kutoka kushoto hadi kulia, sekunde kumi kwa kila picha yenye kazi. Usikae ukiwa umeupa dirisha mgongo: watoto wataona kivuli chako na kitabu cheusi. Kama karatasi inang'aa, kiinamishe kidogo kuelekea chini, ule mng'ao utaondoka.

Darasa likiwa na watoto 80 au 100, mkeka mmoja hautoshi, na hapa hakuna ujanja zaidi ya kugawa. Nusu wanasikiliza kwa dakika 15, nusu wanaandika au wanachora kazi ya jana, kisha wanabadilishana. Mwalimu atasoma hadithi ileile mara mbili kwa siku, naam. Njia nyingine ni kitabu kikubwa cha manila, tutakifikia.

Sasa jalada. Onyesha picha ya jalada, soma jina la kitabu, uliza swali moja: "Mnadhani hapa patatokea nini?" Chukua majibu matatu, shukuru, endelea. Dakika mbili. Kosa la kawaida ni kukaa hapo dakika kumi watoto wakibahatisha, kila mmoja akitaka wazo lake lisikike, na hadithi inaanza wakiwa wamechoka. Na mwisho wa hadithi usiulize "nani alipatia?" Kubashiri kunamfanya mtoto asikilize akiwa na kitu anachokitafuta. Ukikigeuza mashindano, siku inayofuata watakaobashiri ni wale wawili wanaojiamini.

Siku ya kwanza acha hadithi iwe hadithi. Ifungue kama inavyofunguliwa nyumbani: "Paukwa!" "Pakawa!" Soma mwanzo hadi mwisho ukisimama mara mbili tu. Watoto wana haki ya kujua mambo yameishaje kabla hujaanza kuichokonoa. Siku ya pili soma tena, na sasa tumia vikaratasi vyote vinne. Siku ya tatu watoto wanasimulia wao, wewe unafungua picha tu bila kusoma. Siku ya nne wanachora na kuandika, au wanaigiza. Kitabu kimoja kwa siku nne, si vitabu vinne. Wapo wanaoogopa watoto watachoka, lakini mtoto wa miaka saba anaposikia hadithi mara ya pili ndipo anaziona pembe nyuma ya mwembe, na sauti anayoitoa akiziona inatosha kukuonyesha kwamba hajachoka.

Tuje kwenye kituo chenyewe, kwa sababu hapo ndipo kazi yote ilipo, na hapo ndipo panapoharibika. Mwalimu amefika ukurasa wa saba, anasema: "Kwa hiyo Hamisi akaondoka. Alikuwa na hu...?" Darasa zima: "...zuni!" "Vizuri sana. Mmeelewa?" "Tumeelewa mwalimuuu!" Hapa hakuna aliyefikiri isipokuwa mwalimu. Swali limebeba jibu, watoto wamemalizia silabi. Tabia hii ya kuacha neno nusu ili darasa liikamilishe imetuingia hadi kwenye mifupa, nayo ina mahali pake kwenye kukariri. Kwenye ufahamu inafanya madhara makubwa, kwa sababu inafanana kabisa na kuelewa. Mtoto aliyelala kidogo na mtoto aliyeelewa wote wanasema "zuni".

Jaribu hivi. Soma: "Hamisi hakusema neno. Aliinama, akaondoka." Nyamaza. Onyesha picha. Uliza: "Hamisi ana nini?" Halafu usiseme kitu. Hesabu moyoni moja, mbili, tatu, nne, tano. Mary Budd Rowe, aliyechunguza jambo hili Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, aligundua kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kudakia, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi majibu yanarefuka na watoto wengi zaidi wanajibu. Sekunde tano mbele ya darasa zinaonekana kama nusu saa. Zivumilie. Kama mtoto anafikiri kwa Kisukuma au Kigogo halafu anatafuta Kiswahili chake, sekunde tatu hazimtoshi.

Kisha, kabla ya kunyoosha mikono, "mwambie jirani yako." Dakika moja, kila mtoto anaongea. Kwenye dawati la watu watatu yule wa katikati huwa hana mwenza au ana wenza wawili, kwa hiyo panga mapema: leo wa katikati anasikiliza wote wawili halafu anatueleza walichosema. Ukizunguka katika dakika hiyo utasikia majibu ambayo mkono usingenyooshwa kuyatoa. Msimamie mmoja wa hao, umuulize kwa upole kama yuko tayari kuwaambia wenzake.

Na jibu likija, liwe sahihi au la, swali linalofuata ni lilelile: "Umejuaje?" Mtoto kasema Hamisi ana huzuni. Umejuaje? "Ameinama." Sawa, na nini tena? "Hajasema kitu." Mtu asiposema kitu huwa ana huzuni? Hapo darasa linaamka, kwa sababu mwingine atasema anaogopa, na mwingine atasema yeye ndiye aliyeiba, ndiyo maana kanyamaza. Usimkatalie huyo wa mwisho! Amesoma vizuri. Ushahidi alionao kwenye ukurasa wa saba unaruhusu kabisa wazo hilo, na ni ukurasa wa tisa utakaomsahihisha, si wewe. Mwache abaki na wazo lake, akija kukutana na mbuzi ageuke mwenyewe. Ule ugeukaji ndio ufahamu unaojengeka: nilidhani hivi, nimeona kitu kipya, sasa nadhani vile. Mwalimu anayesema "hapana, siyo" kwenye ukurasa wa saba amemnyang'anya mtoto ukurasa wa tisa.

Ndiyo maana kituo muhimu kuliko vyote ni kile cha kabla ya "Kumbe". Neno hili dogo ni zawadi ya Kiswahili kwa mwalimu wa ufahamu. Linamwambia msomaji kwamba alichokuwa anakidhania kinakaribia kupinduliwa. Funga kitabu kidole kikiwa ndani, uliza kanga iko wapi na kila mtu amejuaje. Ndipo ufungue, usome neno hilo moja, unyamaze kidogo, umalizie. Baada ya wiki chache watoto wanaanza kuketi vizuri kila wanaposikia "kumbe" hata kwenye kitabu kingine, na hilo halijatoka kwenye swali lolote la mtihani.

Lugha yetu ina mitego yake pia, na hakuna mwongozo uliotafsiriwa utakaokuonyesha. Chukua sentensi "Alimtazama, akamwambia amrudishie." Mtu mzima anaimeza bila shida. Mtoto ana watu wangapi humo? Nani kamtazama nani, nani arudishe, arudishe kwa nani? Yote hayo yamejificha kwenye a- na -m-, na hakuna jina hata moja. Watoto wengi wanaoonekana hawakuelewa hadithi, ukiwachimba, wamempoteza mtu kwenye kiambishi kimoja. Dawa yake ni rahisi: soma sentensi, simamisha watoto wawili mbele, mmoja Neema, mmoja Hamisi, wafanye sentensi inavyosema. "Alimtazama." Nani anatazama? Akikosea kichwa cha kugeuza, umeona palipokatika.

Upande wa pili wa jambo hilohilo, upatanisho wa ngeli unamsaidia mtoto akifundishwa kuusikiliza. "Lililoiva zaidi alimpa yeye." Kanga haiwezi kuwa "lililoiva", mbuzi hawezi, ni embe tu. Na yule mtoto aliyechora ndege kwenye kamba angeokolewa na herufi moja: "Bibi ameianika kanga." Hiyo -i- inasema nguo, angekuwa ndege, tungesema "amemwanika". Usifanye somo la sarufi hapo. Uliza tu, "neno lipi limekuambia ni nguo?" na umwache atafute.

Kuhusu msamiati, chagua maneno mawili au matatu kwa kitabu kizima. Kanuni tunayoifuata: neno linaloonekana kwenye picha, kama pindo, lionyeshwe kwa kidole wakati unasoma na usipoteze hata sekunde. Neno ambalo mtoto atalikuta tena kwenye vitabu vingine na habari nyingine, ndilo la kulifanyia kazi. Hapa lingekuwa "anika". Unapolifikia, lifafanue kwa pumzi moja ("kuanika ni kutandaza kitu kwenye jua au hewa kikauke") na uendelee, usiivunje hadithi. Hadithi ikiisha, rudi: nguo zinaanikwa, mpunga unaanikwa, dagaa wanaanikwa. Je, maji yanaanikwa? Wabishane. Je, unaweza kuanika kivulini? Mtoto aliyebisha juu ya neno hatalisahau. Ukifafanua maneno kumi na mawili umefundisha kamusi, na hadithi wataisahau pamoja na maneno yenyewe.

Kama darasani kuna watoto ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili au ya tatu, sentensi moja ya lugha yao pale palipokwama ni halali kabisa. Iseme, rudi kwenye Kiswahili, soma tena ukurasa uleule. Mtoto akimweleza mwenzake kwa lugha ya nyumbani kwamba mbuzi ndiye mwizi, ameelewa hadithi. Kinachobaki ni kumpa Kiswahili cha kuyasemea aliyoyaelewa.

Mwalimu mwenyewe naye aonekane akielewa. Mara moja kwa kila kitabu, isizidi mbili, simama useme unachofikiri: "Hapa mimi nilidhani Hamisi ameichukua. Lakini naona uzi mwekundu chini, unaelekea bandani. Ngoja nirudi ukurasa wa pili." Na urudi kweli, ukurasa kwa ukurasa, wakuone. Watoto wengi hawajui kama kurudi nyuma kunaruhusiwa. Wanadhani msomaji mzuri huenda mbele tu bila kusimama.

Swali moja tungependa walimu waliache kabisa siku ya kwanza na ya pili: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Tunalipenda kwa sababu tumelirithi, na hadithi zetu nyingi kweli zina mafunzo. Lakini sikiliza majibu yake. "Tusiwe wezi." "Tuwe na heshima." "Tusiwe wavivu." Mtoto anaweza kuyatoa bila kusikiliza hata sentensi moja, kwa sababu yanafaa kila hadithi. Neema hakuwa mvivu wala mwizi. Alimdhania mwenzake kabla ya kutazama. Ili mtoto alione hilo anahitaji kwanza maswali ya chini yake: kwa nini Neema alimuuliza Hamisi na si mtu mwingine? Kwa nini embe? Kwa nini lililoiva zaidi? Mtoto anayejibu hilo la tatu ("kwa sababu yeye ndiye alikosewa") ameshafika kwenye funzo bila kusukumwa.

Liko pia onyo kuhusu picha. Kwenye kusoma kwa sauti, picha ni ya kutafutia maana. Kipindi kile kingine, mtoto anaposoma mwenyewe, asifundishwe kutazama picha ili abashiri neno. Akiona picha ya mbuzi na kusema "mbuzi" palipoandikwa "mnyama", hajasoma. Kwa hiyo usichanganye vipindi hivyo viwili. Siku ya pili, jaribu kusoma ukurasa mmoja picha ikiwa imefunikwa kwa karatasi, watoto wafumbe macho, kisha uwaulize banda wameliona lina rangi gani. Kitabu hakijataja. Kila mtoto amejenga banda lake, na hiyo ni kazi atakayoihitaji vitabu vitakapoanza kuja bila picha.

Siku ya tatu, ya kusimulia, ndiyo siku ya kupima. Kaa na daftari, wasikilize watoto watano kwa siku. Darasa la 80 linakamilika kwa siku 16 za kusimulia, kisha unaanza tena. Usitafute kumbukumbu kamili. Andika mambo mawili: je, ametaja wahusika, tatizo na namna lilivyoisha? Na ameunganisha kwa maneno gani? Wa kwanza anasema: "Bibi alianika kanga, halafu Neema akaja, halafu Hamisi akaondoka, halafu mbuzi, halafu embe." Wa pili: "Neema alidhani ni Hamisi kwa sababu alikuwa karibu na kamba, kwa hiyo alipomwona mbuzi akampelekea embe." Matukio ni yaleyale. Wa kwanza ana orodha, wa pili ana hadithi. Yule wa "halafu" mpe picha mbili tu, ya Hamisi akiondoka na ya embe, umuulize nini kinaziunganisha. Fanya hivyo kwa wiki kadhaa, vitabu tofauti, usikilize "kwa sababu" ya kwanza itatoka lini.

Vitabu vinatoka wapi? Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukisaidia uchapishaji wa vitabu vya Kiswahili tangu mwaka 1991. Kwenye intaneti, African Storybook na StoryWeaver ya Pratham Books wana hadithi nyingi za Kiswahili ambazo leseni yake inaruhusu kupakua, kuchapisha na hata kurekebisha. Zisome kwa sauti kwanza. Nyingine zimetafsiriwa na Kiswahili chake kina kigugumizi. Rekebisha sentensi kabla haijafika kwa watoto, kwa kuwa watajifunza hiyohiyo. Kuwaonyesha watoto themanini hadithi kwenye simu hakufai. Nakili.

Kitabu kikubwa cha kurasa 12 kinahitaji karatasi sita za manila, zikatwe nusu, na karatasi moja zaidi kwa ajili ya jalada. Chora kwa penseli kwanza, pitia kwa maka peni nyeusi, paka rangi mwisho. Herufi zisipungue sentimita tatu kwa urefu, mistari miwili au mitatu kwa ukurasa, na acha sentimita tano tupu upande wa mshono, la sivyo maneno yatamezwa. Toboa matundu matano, sentimita mbili kutoka ukingoni, lakini kabla ya kutoboa bandika solatepu juu na chini ya sehemu hiyo. Manila tupu inachanika wiki ya kwanza. Shona kwa uzi wa katani, usikaze sana, kurasa zilale zenyewe zikifunguliwa. Michoro isiwe na mapambo mengi. Zile pembe nyuma ya mwembe tu ndizo za kukaziwa: ziwe ndogo kiasi cha kukosekana mara ya kwanza, na kubwa kiasi cha kuonekana mara ya pili na mtoto aliyekaa nyuma kabisa.

Siku ya nne ikipita, kitundike kitabu kwenye kamba ukutani, kimo cha mtoto, na kikae wiki mbili. Kila mtu akijue ni cha kushikwa.